Leti

Miaka ile viwanda vya minofu ya samaki vilipoanza kuchipuka ufukweni Mwanza, kila mtu alitaka barua ya Kiingereza. Mimi nilikuwa napiga taipu kwenye kibanda Nyegezi, na kando yangu aliketi mwalimu mstaafu mwenye kalamu nyekundu. Hakuna karatasi iliyotoka bila yeye kuipitia. Tulibishana kutwa nzima kama ni "discuss" au "discuss about", wateja wakisubiri. Mimi nina mdomo, naye alikuwa hakubali kushindwa.

Mchana mmoja akaja mama wa Buhongwa, mke wa fundi mitambo wa kiwanda kimojawapo. Mumewe alikuwa amekwenda Ukerewe kumuuguza mama yake, na siku za ruhusa zilikuwa zimekwisha. Mama yule aliogopa kazi ingeota mbawa. Kiwandani mchelewaji aliitwa "leti", na neno hilo lilikuwa limeshafika hadi majumbani.

"Dada, andika mme wangu ni reti, lakini anakuja."

Nikapiga: "my husband is late". Mwalimu akatikisa kichwa. Akasema Kiingereza si Kiswahili, sifa hutangulia jina. Sisi tunasema gari jekundu, wao wanaanza na jekundu. Kwa hiyo iwe "my late husband". Nilihisi nimeshayaona maneno yale mahali, gazetini, chini ya picha za watu waliovaa suti. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimeshashindwa mara mbili, nikachoka ubishi. Nikapiga alivyotaka.

Siku ya tatu wafanyakazi wenzake wakafika Buhongwa na gunia la mchele, wanawake wakilia tangu njiani. Mke akadhani wao ndio wameletewa habari kutoka Ukerewe. Akaanguka palepale mlangoni, na majirani wakatandika mikeka. Kesho yake mchana fundi mwenyewe akatokea barabarani na mfuko wa machungwa. Akawauliza watu nani amekufa.

Ndipo alipokuja kibandani kwetu, barua mkononi. Bosi wake alikuwa amemweleza kwamba neno lile, likiwekwa pale tulipoliweka, maana yake ni marehemu. Nafasi yake ilikuwa imeshapata mtu. Alisimama mlangoni hadi kivuli chake kikafunika taipu, nami nikaona siwezi kumtazama usoni.

"Andikeni kwamba niko hai," alisema.

Naona haya kusema kilichofuata: tulibishana. Mimi nilitaka "alive", mwalimu akataka "living". Fundi alitutazama mmoja baada ya mwingine kama mtu anayesikiliza maongezi ya chumba cha pili. Mwishowe mwalimu alikubali neno langu, na hiyo ndiyo mara pekee ninayoikumbuka.

Kiwanda hakikumrudisha. Mtaani, alisimulia mkewe baadaye, watoto walimkimbia, na hata watu wazima walimpa mkono wakiangalia kwanza miguu yake kama inakanyaga chini. Akaamua kwenda visiwani kutengeneza injini za boti. Boti aliyopanda haikufika. Walimpata siku ya tatu.

Mkewe akarudi kwetu amejifunga kitambaa cheusi. Mwalimu alimpa pole. Mama yule alitaka kiwanda kimrudishie vyeti vya ufundi vya mumewe, ambavyo bado vilikuwa kwenye faili. Nilimwuliza tuandikeje, ingawa nilijua.

"Andika kama ile ya kwanza, dada."

Nikapiga maneno yale matatu. Mwalimu akaichukua karatasi, akaisoma, akaisoma tena, kalamu nyekundu ikiwa wazi mkononi. Safari hii hapakuwa na kosa.