Skrini Isiyojua Kuitikia Hodi

Watu walimwita Mama Pole, na jina hilo hakulipata kwa upole wake, ingawa upole alikuwa nao wa kutosha. Lilitokana na mazoea: kabla hajafungua chombo chochote kilichoharibika, alikigonga kidogo kwa kidole na kukiambia, "Pole." Alifanya kazi miaka ishirini na miwili kwenye karakana ya simu za mezani, mwanamke peke yake kati ya mafundi tisa. Karakana ilipofungwa alirudi nyumbani na mfuko wake wa bisibisi, akaweka meza karibu na mlango wa jikoni, akaanza upya. Wateja wa kwanza walimjia kwa kuwa ni jirani. Waliofuata walimjia kwa sababu kitu kikishatoka mikononi mwake, hakikurudi tena na ugonjwa ule ule.

Jumamosi moja, saa nane mchana, aliitwa na mwalimu wa chekechea wa mtaa wa pili. Alipofika alikuta sebule imefagiliwa vizuri, watoto wametolewa nje wakacheze, na ukutani runinga kubwa, nyeusi tii, yenye maneno machache katikati: filamu hii imelindwa, haiwezi kuonyeshwa hapa.

"Tangu jana jioni inatuandikia hivyo hivyo," mwalimu alisema. "Taarifa ya habari tunaiona, nyimbo tunaziona, hata video ya harusi yetu. Lakini ukiweka filamu ya kukodi, inagoma. Fundi aliyetangulia alisema runinga imekufa, tununue nyingine."

"Aliigusa?"

"Hata hakukaa. Aliitazama akiwa pale mlangoni."

Mama Pole aliguna tu. Akaigonga runinga kwa kidole, akaipa pole yake.

Mume wa mwalimu, dereva wa lori, alikuwa na dawa yake mfukoni. "Kuna jamaa kazini ana kidude. Unakichomeka tu, ulinzi wote unaruka. Nimpigie?"

"Ngoja kwanza, shemeji. Filamu mmeikodi kihalali. Kwa nini mwingie kwa dirisha na mlango ni wenu?"

Mwalimu ndiye aliyeeleza kwamba filamu ile haikuwa filamu tu. Nguo zote zilizovaliwa humo, kuanzia koti la mhusika mkuu hadi aproni za wapishi, zilikuwa zimeshonwa na wifi yake, mdogo wa dereva, anayeishi ng'ambo. Walishaibonyeza ianze jana, na mtu akishaibonyeza hupewa siku mbili tu. Kesho jioni ingefungwa.

Mama Pole akaanza kazi. Alizima runinga na kisanduku cha kuletea filamu kilichokaa kwenye kabati chini yake, akachomoa nyaya kwenye umeme, akasubiri, akarudisha. Maneno yakawa yale yale. Akautoa waya wa picha, akaweka wake aliokuja nao. Yale yale. Akahamishia tundu la pili nyuma ya runinga. Yale yale. Kila alipojaribu jambo, aliandika mstari mmoja kwenye daftari la shule lenye jalada lililochanika.

Dereva, aliyezoea kukanyaga mafuta, uvumilivu ulimwishia. "Si ungebadilisha vyote kwa mkupuo?"

"Nikibadilisha vyote na ikawaka, nitakwambia kibovu kilikuwa kipi?"

Akapiga magoti, akapenyeza mkono nyuma ya kabati. Vidole vyake vikakuta kijisanduku kidogo kama kiberiti, chenye joto. Waya mmoja ulikiingia kutoka kwenye kisanduku cha filamu, miwili ilitoka. Mmoja ulipanda kwenye runinga. Wa pili ulipita chini ya zulia na kupotelea ukumbini.

"Na huu unakwenda kwa nani?"

Mke na mume wakatazamana. "Kwa baba," dereva alisema.

Kwenye chumba cha mwisho alilala baba yake, mzee fundi cherehani aliyevunjika nyonga miezi miwili iliyopita. Juu ya meza ndogo ilikaa skrini ya zamani ya kompyuta, ambayo mwanawe aliiokota ofisini walipokuwa wanatupa vitu. Kupitia ule waya, mzee aliona kila kinachoonekana sebuleni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi? Basi tuko mafundi wawili humu ndani."

Mama Pole akacheka, akaomba ruhusa, akachomoa waya nyuma ya skrini. Papo hapo, sebuleni muziki ukaanza na mwalimu akaita, "Inaonyesha jamani, inaonyesha."

"Runinga yenu ni nzima," Mama Pole aliwaeleza. "Filamu ya kukodi kabla haijaingia hupiga hodi kwa kila skrini iliyounganishwa. Ile kubwa inajua kuitikia. Hii ya baba ilitengenezwa kabla hodi hiyo haijaanzishwa, kwa hiyo inanyamaza. Na mmoja akinyamaza, filamu haiingii nyumba nzima."

Dereva alishukuru, akamwita sebuleni anywe soda. Kazi ilikuwa imekwisha. Lakini Mama Pole alikuwa bado kashika waya, anaangalia skrini ya mzee iliyozimika.

"Nendeni mkaone," mzee alisema, akiweka shuka sawa. "Mimi mtanisimulia."

"Binti yako alifundishwa na nani kushona, baba?"

"Na mimi. Toka miguu yake haijafika kwenye pedali."

Mama Pole akamgeukia dereva. "Ile kubwa imefungwa kwa skrubu ngapi?"

"Nne."

"Bisibisi ninazo."

Waliibeba wawili, Mama Pole mbele akirudi kinyumenyume na dereva nyuma, mwalimu akisukuma viti pembeni. Wakaisimamisha chumbani kwa mzee, juu ya kabati fupi la nguo, wakaifunga kwa kamba isidondoke. Kisanduku cha filamu wakakiunganisha moja kwa moja, bila kijisanduku cha kugawa. Mwalimu akaketi miguuni pa mzee, dereva sakafuni. Mama Pole alipotaka kuaga, mzee alimwonyesha kiti.

"Fundi haondoki kabla kazi haijavaliwa."

Akakaa. Hadithi ya filamu ile hakuna aliyeifuata sawasawa, maana kila dakika mzee aliomba isimamishwe. Alitaka kuona pindo. Alitaka kuona kifungo. Lilipotokea koti la kijani la mhusika mkuu, aliomba miwani, akaliangalia muda mrefu, na mkono wake ukawa unatembea juu ya shuka kana kwamba unalainisha kitambaa.

Majina yalipoanza kupanda mwishoni, dereva alilisoma la mdogo wake kwa sauti, halafu akalirudia. Mwalimu akampigia wifi yake simu, akaiweka sikioni pa mzee.

"Nimeiona yote," mzee alisema. "Lile koti la kijani, bega la kushoto umelivuta kidogo." Akasikiliza. "Najua ulikuwa na haraka. Lakini ukosi, mwanangu, mimi nisingeweza kuukata vile. Ungenishinda."

Mama Pole alikuwa anakunja waya wake taratibu, macho kayaelekeza kwenye mfuko.

Runinga kubwa haikurudishwa sebuleni. Watoto walinuna wiki moja, kisha wakazoea kwenda kutazamia kwa babu. Naye Mama Pole, akipita mtaa ule, huingia kumsalimia fundi mwenzake.