Nafasi Kwenye Mkeka wa Mama Mdogo

Siku ile misheni tulikuwepo mimi, wadogo zangu wawili, mama mdogo aliyetulea sisi yatima kwa kufinyanga vyungu, na majirani. Harufu ya mafuta ya taa hunirudisha pale. Mwalimu wa dini aliangaza picha kwa taa ya mafuta kwenye shuka jeupe: Hawa na nyoka.

Mama mdogo akasimama ghafla, akamwambia Hawa wa kwenye picha: “Mwanangu, usimsikilize! Hata mchumba wangu alinong'ona hivyohivyo!”

Watu wakaangua kicheko. “Wewe, ng'ombe wa mahari yako bado wanavuka ziwa?”

Mchumba aliyeahidi kuleta ng'ombe hao kutoka ng'ambo ya ziwa hakurudi tena.

Nikawavuta wadogo zangu tukahamia mkeka mwingine, kama tusiomjua. Hakutuita. Alisogea tu, akatuachia nafasi kwenye mkeka wake. Wadogo zangu walirudi kabla picha hazijaisha. Mimi, mkubwa wao, sikurudi; ile nafasi aliyoniachia nadaiwa hadi leo.