Fundi wa mota niliyefukuzwa kwenye hesabu za quantum Kamenge, na nilivyorudi ubaoni

Wakuu, salama? Haya yamenikuta mwenyewe na sijaongeza chumvi. Asiyeamini aje karakana kwangu, mtaa wa Asiatique, anikute na vidole vyangu vya vanishi.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, fundi wa kusuka mota. Pampu yako ikiungua unaniletea, natoa waya wa zamani, nasuka mpya. Kazi nilifundishwa na marehemu baba.

Mota huungua kwa joto, na joto linatokana na ukinzani wa waya. Siku moja nikasoma kwenye simu kwamba kuna metali ambazo zikipozwa mno, ukinzani wake unakuwa sifuri. Sifuri kabisa! Umeme unazunguka bila kupotea.

(Shaba yangu haimo kwenye orodha. Nilinuna siku mbili.)

Nikataka kujua kwa nini. Kila maelezo yakanirudisha kwenye hesabu za quantum, na hizo zinaanzia kwenye matrix, yale majedwali ya namba. Shule niliacha kabla ya kuyafikia.

Nikasikia wanafunzi wa chuo wanajisomea quantum kila Jumamosi mchana, mtaa wa Kamenge, chumba cha nyuma ya duka la fotokopi. Nikaenda.

Karatasi ya mahudhurio ikapita. Jina, na faculté, yaani kitivo unachosoma. Hapo pa pili nikapaacha wazi. Kiongozi wao, kijana anaitwa Désiré, akaona.

"Mama, we uko mu faculté gani?"

"Mi siko mu faculté. Niko fundi."

"Basi kuya ku tableau, tuone."

Nikaenda ubaoni. Akaandika matrix mbili, A na B. Nizidishe A kwa B, kisha B kwa A. Ya kwanza niliiweza. Ya pili nikaandika jibu lile lile bila kukokotoa, maana tatu mara tano si ni sawa na tano mara tatu?

Chumba kizima kikacheka, nami nikacheka nao.

Désiré akasema, "Mama, rudia mota zako. Iyi haiko ya kila mutu."

Niliumia wakuu, nisidanganye. Nikatoka macho yananiwasha, nikapita dukani nikanunua daftari kubwa.

Miezi miwili nazidisha matrix. Kweli majibu yalitofautiana, lakini sababu sikuiona. Nilikuwa nafuata kanuni kama kasuku.

Halafu nikaharibu kazi ya mteja. Kwa haraka zangu nikachovya koili za waya kwenye vanishi na kuzikausha kabla ya kuziingiza ndani ya mota. Zikakauka kama kuni, hata moja haikuingia.

Nikakaa sakafuni nikacheka peke yangu. Kuingiza na kuchovya ni kazi mbili zile zile. Ukigeuza mpangilio, unapata mota au unapata takataka. Kumbe matrix ni kitendo, na kitendo kina zamu yake!

Jumamosi nikarudi Kamenge na koili moja ngumu mkononi. Sikuomba ruhusa. Nikachukua chaki, nikakokotoa AB, nikakokotoa BA, nikatoa moja kutoka kwa nyingine.

Désiré akauliza, "Na iyo différence, inatusaidia nini?"

"Iyo ndiyo quantum yenyewe. Ingekuwa zéro kila mara, ungepima mahali pa électron na mwendo yake pamoja, bila shida. We unajua apana."

Hakuna aliyecheka. Koili ikapita mkono kwa mkono, kila mmoja anajaribu kuikunja.

Bado sijafika kwenye hesabu ya zile elektroni zinazotembea mbili mbili ndani ya metali baridi. Nitafika. Anayesema siwezi anikute ubaoni.

Nilichojifunza: nilicheka na wao siku ya kwanza ili nisionekane mjinga, na hilo ndilo kosa langu la kweli. Wewe uliambiwa somo gani si la watu kama wewe? Shusha hapa, tusomane.

Na ile karatasi ya mahudhurio ilinifikia tena Jumamosi hiyo. Penye faculté nikaandika kazi yangu ya kusuka mota kwa herufi kubwa: BOBINAGE, ASIATIQUE. Désiré akaisoma, akaipitisha kwa anayefuata.