Nilimpokeza Babu Mrija Huku Naumwa

Jamani, mkitaka kunichapa chapeni, sikimbii. Mimi ndiye niliyempelekea babu yangu corona. Nilijua naumwa, nikakaa kimya. Miaka yote hii watu wamemlaumu mwingine, na mimi nimekaa kimya tena!

Huku Tukuyu mtaani kwetu Msasani wananijua kwa vichekesho. Nauza parachichi. Shule niliishia darasa la saba, lakini mdomo wangu una digrii! Corona ilipoingia ndiyo nikapata umaarufu. Nilimvalisha mbuzi barakoa. Nikawa namwigiza nesi wa zahanati ya Kisiba anavyosema "maji tiririka, maji tiririka," watu wanashika mbavu.

Wakati huo babu yangu kule Kisiba alikuwa anamsikiliza nesi huyohuyo kwa makini. Yeye na bibi ndio walionilea, mama alipofariki. Babu alikuwa na pumu. Nesi akamwambia, mzee, kaa mbali kidogo na watu, vyombo usichangie. Akakubali.

Kwa mzee wa kwetu hilo si jambo dogo! Wazee wetu wana kimpumu, pombe ya ulezi. Chungu kinawekwa katikati, wanaongezea maji ya moto, wanavuta kwa mrija. Mwenyeji akishavuta anampokeza mgeni mrija uleule, na mgeni anavuta palepale. Ukiufuta kwanza, umemdharau mwenzio.

Babu akakata mrija wake mwenyewe, akawa anakaa barazani na kikopo chake. Rafiki yake, nimwite Mzee Kofia maana kofia yake ya sufu haivui hata jua likiwaka, anakaa kule migombani na chungu. Wanasalimiana kwa kupiga kelele kama watu waliotenganishwa na mto.

Sasa mimi nikashikwa na homa. Siku ya pili yake parachichi limeoza mezani, mwenzangu kaziba pua, mimi sisikii kitu! Nikasema, "Pua yangu imekwenda likizo." Tukacheka sana. Lakini moyoni nilijua, redio ilikuwa inayasema hayo kila siku.

Nilitakiwa nibaki chumbani. Nilijaribu siku moja tu. Kuta nne, kikohozi, na mvua juu ya bati. Mchekeshaji asiye na watu ni kichaa tu anayeongea peke yake. Nikashindwa, nikaenda Kisiba.

"Ugonile, mume mwenzangu!" babu akanisalimia toka mbali. Ndiyo utani wetu, mimi na yeye tunagombania bibi.

Bibi akaniangalia. "Mbona macho mekundu? Unaumwa wewe?"

"Naumwa njaa, mke wangu. Huyo mzee wako hakulishi?"

Akacheka, akaenda kupika. Uongo wa kwanza ukapita hivyo.

Nikaenda kule migombani kwa Mzee Kofia, nikavuta kimpumu, yeye akavuta, kisha nikakibeba chungu na mrija mpaka barazani.

"Mume mwenza, vuta."

"Nesi kakataza."

"Kumbe una mke mwingine zahanati! Ngoja nimwite bibi."

Mzee Kofia kule nyuma anajikunja kwa kicheko. Babu akatikisa kichwa. "Mjukuu wangu, niache na kikopo changu."

Hapo ndipo ningenyamaza. Wapi! Nikasema, "Ulinitafunia nyama nikiwa sina meno, sikukuuliza kama umenawa. Leo mate yangu yamekuwa sumu?"

Babu akacheka mpaka akatoa machozi. "Mjinga wewe," akasema. Akaupokea mrija, akavuta.

Hazikuisha wiki mbili. Mzee Kofia alipata mafua ya siku tatu, akapona. Babu alipelekwa hospitali akiwa hawezi kumaliza sentensi. Sikuruhusiwa kuingia. Nesi mmoja wa wodini mwenye huruma akanipigia simu, akamwekea babu sikioni.

"Wewe... mzima?" babu akauliza.

"Mzima, babu."

"Nenda ukapime. Isije ikawa... nimekuambukiza mimi."

Dah! Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikasema, "Pole, babu." Basi. Siku iliyofuata hakuwepo tena.

Kwetu msiba unajaza watu mpaka migombani, watu wanalala siku nyingi, wanapika, wanalia, wanacheka. Babu alizikwa haraka, watu wachache wamesimama mbalimbali. Bibi alikaa mkekani peke yake, na mimi niliogopa kumsogelea. Nililia nyuma ya banda la ng'ombe.

Halafu bibi akajitafutia maelezo. Akasema ni Mzee Kofia, si ndiye aliyekohoa kwanza? Akaacha kuitikia salamu zake. Yule mzee akaacha kuja. Nikipita kwake namkuta na chungu kidogo, hana hata wa kumpokeza. Ananiuliza, "Bibi yako bado ananikasirikia?" Najibu, "Atatulia, mzee." Halafu narudi Msasani, nachekesha watu, nikifika chumbani sina wa kuongea naye. Utamwambia nani kitu kama hicho?

Jumapili iliyopita bibi alikuwa anamenya ndizi, akamtaja Mzee Kofia tena kwa ubaya. Sijui nguvu ilitoka wapi. Nikamwambia yote, homa, pua, uongo wa njaa, kila kitu.

Kisu kikasimama. Hakulia, hakunitukana. Aliuliza tu, "Na babu yako ulimwambia?"

"Hapana."

Akanawa mikono, akajifunga kitenge, akaondoka. Nikamwona anapandisha njia ya kwa Mzee Kofia, taratibu, miguu inamuuma. Nilitaka kumsindikiza. Akanionyesha kwa mkono, kaa hapohapo.

Nikamaliza kumenya zile ndizi. Giza likaanza, bado hajarudi. Nikaondoka bila kuaga. Sijaitwa, na mimi sijapiga simu.

Vijana wenzangu, tanieni mtakavyo, lakini msimtanie mtu anayejikinga. Wazee wetu wanatupenda kuliko wanavyoogopa kufa, tukiwabembeleza wanakubali. Na ukiwa na homa, kabla hujakaa na watu, sema, "Naumwa." Neno moja tu. Mimi nilikuwa na maneno yote duniani ya kuchekesha, hilo moja likanishinda.