Mkwe Ndani, Mama Dirishani

Nyevu binti Kai wa Munga wa Randu. Jina lake kamili ndilo hilo, na huko Kisauni ukilikata nusu atakutaka ulianze upya. Randu, babu wa baba yake, ndiye aliyemfukuza fisi zizini kwa mwiko wa ugali, maana mkuki alikuwa ameuazimisha. Munga alichimba kisima kule Mwakirunge akakuta maji ya chumvi, akasema chumvi nayo si haba, akaenda kuchimba kingine. Kai alikata mawe machimboni mpaka vidole vikanenepa, pete ya ndoa ikamshinda kuvaa, na mawe yake ndiyo yaliyosimamisha ukuta wa kanisa la mtaani. Na Nyevu mwenyewe? Nyevu aliwalea wanawe kwa viazi vya karai, akawaongoza akina mama kuyazuia malori ya taka yaliyokuwa yakipita mlangoni bila turubai, na kwa miaka mingi akasoma somo la Jumapili kwa Kiswahili kilichonyooka, bila miwani, hata wageni wa bara wakaulizana amesomea chuo gani. Alisomea darasa la nne. Mwenyewe husema ni la nne la zamani, si hili lenu.

Mwaka juzi Kasisi Lenox, kijana mpole aliyeletwa kutoka Changamwe, alitangaza kwamba Jumapili ya mwisho ya kila mwezi ibada itakuwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya vijana na wafanyakazi waliotoka bara. Akina mama wazee wakaitikia amina, wakidhani ni tangazo la harambee. Ibada ilipokwisha, Pascalia, msimamizi wa wasomaji, akawajia na maneno matamu, ya mtu anayekutoa kitini.

"Mama zetu, Jumapili hizo mtapumzika. Mtatusaidia viti na maua."

"Nimekwambia nimechoka?" Nyevu akamwuliza.

"Si hivyo, Mama Judy. Ni Kiingereza."

"Kwani Kiingereza ndicho kilichokuja kwetu au sisi ndio tuliokwenda kwake? Mgeni ndiye husogea."

Pascalia akacheka. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda mambo yaende upesi. "Basi Jumapili ya mavuno soma wewe. Watu wakikufuata, mama wazee mtabaki kwenye zamu. Wasipokufuata, tusilaumiane."

Nyevu alikubali palepale, na usingizi ukampaa. Alijua kwamba mwanamke mzee akishapewa viti harudishiwi kitabu. Wifi yake alianza na viti hivyohivyo, na siku hizi akifika kanisani huonyeshwa pa kukaa karibu na mlango, ili akikohoa atoke bila kusumbua watu. Safari hii hakuwa anakwenda kuupigania ulimi wake peke yake. Benchi zima la wenzake lilikuwa likimtazama.

Mwalimu wa Kiingereza cha watu wazima alikuwepo, na jioni alifundisha kwenye ukumbi wa kanisa. Jina lake Dishon. Na Dishon ndiye mume wa Judy, binti yake Nyevu.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Kwa watu wetu, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini. Hakuna kushikana mikono, hakuna kula mbele ya mwenzio, na kumwambia mama mkwe "umekosea" ni deni la mbuzi. Sasa mwanafunzi asiyetazamwa wala kukosolewa atafundishwaje?

"Mama, tafuta mwalimu mwingine," Judy akamsihi.

"Nimempa binti mzima mzima, yeye ashindwe kunipa lugha?"

Basi Nyevu akaamua kukaa nje. Aliweka kigoda chini ya dirisha la ukumbi, mgongo ukutani, ungo wa mchele mapajani, ili wapita njia wadhani anachagua mawe. Ndani alimweka Kadzo, shoga yake tangu utotoni, ili pasisemwe kuwa mama na mkwe wameachwa peke yao na somo. Kadzo hakuwa na haja yoyote na Kiingereza. Alikwenda kwa ajili ya feni.

Dishon alifundisha akitazama ubao, na akigeuka alitazama miguu yake. "Sentensi ya Kiingereza ni foleni ya feri ya Likoni," alisema. "Anayetenda yuko mbele. Kazi yake inafuata. Anayetendwa yuko nyuma. Hakuna kurukiana. Sisi kwa Kiswahili huwasukumiza wote ndani ya neno moja, kama familia iliyopanga chumba kimoja. Wao kila neno lina chumba chake na ufunguo wake." Akaandika kwamba Kadzo anapika samaki: *Kadzo cooks fish.* "Haya, semeni."

Kabla ya yeyote ndani kukohoa, sauti ikaingia dirishani, imejaa fahari: "*Fish cooks Kadzo!*"

Dishon akafumba macho. Kumkosoa mwenye sauti hakuthubutu. "Kadzo!" akafoka. "Samaki atakupikaje wewe?"

"Mwalimu, mimi hata kinywa sijafungua, na tayari niko chunguni!"

"Usibishane. Rudia."

Kadzo akarudia, na nje mchele ukaacha kupepetwa kwa muda, maana mwenye kosa alikuwa akijirekebisha kimyakimya. Ndivyo walivyoendelea jioni baada ya jioni. Nyevu akikosea, Kadzo anagombezwa, na Nyevu akipatia, Kadzo anasifiwa. Sifa hazikumfaa kitu Kadzo, lakini hakuzirudisha.

Zilipofika alama za uandishi, Dishon alikumbuka kwamba aliye nje haoni ubao, akawa anazitaja kwa sauti. "Mkato ni pale unapobadilisha mkono wa ndoo, lakini safari bado. Nukta, umefika nyumbani. Tua." Akalisoma somo la mavuno lote hivyo, maneno pamoja na alama zake, na dirisha likaitikia neno kwa neno, mkato kwa mkato. Dishon alifurahi kwamba mama anafuata. Hakujua kwamba kwa Nyevu alama zilikuwa sehemu ya usomaji, kama vile sala isivyoachwa bila amina. Na kwa kuwa mkwe hamwulizi mama mkwe amelielewaje jambo, hakumwuliza.

Jumapili ya mavuno ikafika. Mbele palijaa maboga na mihogo, na kuku waliofungwa miguu. Dishon alijibanza nyuma ya nguzo, ili mama akisimama kusoma wasionane. Nyevu akapanda, leso mpya, kichwa juu. Akafungua Biblia ya Kiingereza, akaanza. Kiingereza chake kilikuwa kizito na cha pwani, lakini kila neno lilisimama kwenye foleni yake. Kisha akasema, wazi kabisa:

"Mkato."

Kwaya wakatazamana. Akasonga mbele. "Mkato." Akasonga tena, halafu akaangusha kama mtu anayetua gunia: "Nukta!"

Vijana wakaziba midomo. Lakini Kadzo, ambaye kwenye ibada hizo hakuwahi kujua jambo limeishia wapi, alishukuru kwa moyo wote. "Amina!" akaitikia. Nukta ya pili benchi zima la wazee likaitikia. Nukta iliyofuata wakaitikia hata wa nyuma, wale wa kuchungulia simu.

Pascalia akainuka kwenda kumpokea msomaji kitabu. Dishon alipomwona anakwenda, akasahau nguzo na ukoo na kila alichofundwa. Akaruka katikati ya kanisa, akamkazia mama mkwe wake macho usoni, akaita: "Mama, alama hazisomwi!"

Kuku peke yao wakabaki wakisema. Waliokuwa wakicheka alama hawakuzikumbuka tena. Mkwe kumkosoa mama mkwe, uso kwa uso, mbele ya maboga! Judy akajifunika leso gubigubi.

Nyevu aligeuza uso ukutani, ukuta wa mawe ya baba yake. "Kadzo."

"Abee."

"Mwulize mkwe wangu, kama hazisomwi, ameniitikisha za nini muda wote huu?"

Kadzo akamgeukia Dishon, aliyekuwa hapo hapo ubavuni pake. "Anauliza..."

"Nimesikia," Dishon akaiambia sakafu. "Mwambie Mama kosa ni langu. Ni za kupumulia, si za kutamka."

"Anasema ni za kupumulia."

"Nimesikia. Mwambie akae. Habari ya mbuzi tutaisema nyumbani."

Pascalia naye alishafika, mkono umenyooshwa. "Mama Judy, hapo panatosha, nipokee."

"Nimesimama kwenye mkato, mwanangu," Nyevu akamjibu. "Nukta bado. Rudi ukae."

Akarudi. Nyevu akasoma mpaka mwisho, na palipokuwa na alama akapumua tu. Lakini watu walikwisha kuonja. Kila alipotua, kanisa zima likaitikia amina lenyewe, na hawakukosea mahali hata pamoja.

Kasisi Lenox alisimama akifuta macho kwa kicheko. "Mwezi uliopita nilisinzia hata mimi," alisema. "Leo hakuna aliyelala."

Mlangoni Pascalia alimsubiri Nyevu. "Shikamoo, Mama Judy."

"Marahaba."

"Sharti ni sharti. Wamekufuata, zamu yenu ipo. Lakini zamu haishikwi na mtu mmoja. Mwezi ujao kwenu anasoma nani? Nikikosa jina nampa kijana."

Nyevu akawageukia wenzake. Wote ghafla wakawa na shughuli. Huyu anafunga leso, yule anasifu maboga, na Kadzo alikwisha kushuka hadi ngazi ya mwisho. Nyevu akamfuata, akamwekea Biblia mikononi kabla hajaikunja mikono hiyo.

"Andika Kadzo," akamwambia Pascalia.

"Mimi? Kwa Kiingereza kipi, mwenzangu?"

"Hichohicho nilichosoma mimi. Jumatatu jioni uje darasani ukiwa umeshauanza mstari wa kwanza. Nenda nao mpaka pa kupumulia, upumue, uendelee. Na ukishike vizuri, kitabu hicho ni kizito."