Kitabu cha Hoteli Kutoka Kajiado

Sipendi kitabu cha Kichina kinachoanzia uwanja wa ndege. Nimekuwa nikivikagua vitabu hivi kwa miaka sasa, kwa ajili ya wanafunzi wangu wa hapa Kitengela na kwa yeyote anayenipigia simu kuuliza anunue kipi, na karibu kila kimoja kinaanza na bwana mmoja anayetua na sanduku, anatafuta teksi, kisha anauliza choo kiko wapi. Mwanafunzi wangu hana safari. Anauza matairi kando ya barabara ya Namanga, na wateja wake Wachina wanamfuata papo hapo. Kwa hivyo kitabu nakifungua katikati, nasoma kipande kwa sauti, na kujiuliza kama kuna mtu mwenye akili timamu angemwambia mwenzake maneno hayo. Kisha nakigeuza na kuuvuta mgongo wake polepole kwa vidole viwili, nione kama kimeshonwa au kimegandishwa kwa gundi. Wanafunzi hucheka wakiniona. Hiyo ya kuvuta mgongo sikufundishwa chuoni, nimeirithi kwa mama yangu.

Mama aliuza mitumba katika soko la Kitengela tangu siku zile ambapo ukisimama nyuma ya kibanda ungeona pundamilia ng'ambo ya ua, kabla ploti hazijajaa mabati. Mzigo mpya ukifunguliwa, aliingiza mikono kabla ya macho. Alivuta mshono, akageuza nguo ndani nje, akanusa kwapa, na hukumu ikatoka palepale. Nguo safi za kwanza kuchaguliwa huitwa kamera. Mabaki ya mwisho, yale yanayomwagwa chini kwenye turubai watu wajiokotee, huitwa fagia. Mama alikuwa na tabia ya kuitumia hukumu hiyo kwa kila kitu: wahubiri, viazi, wachumba wangu. Wachumba wangu wengi walikuwa fagia, na kwa haki yake nikiri kwamba hakukosea sana.

Kaka yangu mkubwa alikuwa ameenda Uchina kununua vyombo vya jikoni kwa jumla. Alirudi mara mbili, mara ya tatu akaoa hukohuko akakaa. Walipopata mtoto wa kike akapewa jina la mama, kama ilivyo desturi yetu Wagikuyu kwa binti wa kwanza. Tangu siku hiyo mama hakumwita mjukuu. Alimwita rika lake, mtu wa umri wake, kwa sababu kwetu mwenye jina lako ni wewe tena. Shida ni kwamba rika lake alijua Kichina peke yake. Kwenye simu walikuwa wakitazamana tu, mmoja akitabasamu Kitengela na mwingine akitabasamu huko, na kaka yangu katikati akitafsiri nusu nusu kwa haraka ya mtu mwenye mizigo bandarini.

Kisha kaka akasema wangekuja Krismasi, wote watatu. Mama alianza kujenga. Aliongeza chumba cha mawe upande wa nyuma, sakafu ya vigae, dirisha kubwa linalotazama vilima vya Ngong. Kaka yangu alipoondoka mara ya kwanza alikuwa ameahidi kwamba biashara ikisimama atarudi kukaa kwenye ploti ile. Mama hakuwahi kumuuliza lini. Lakini hakuna anayeweka vigae kwa ajili ya wageni wa Krismasi, na mimi niliyaona macho yake alipokuwa akimwelekeza fundi. Alitaka vitu viwili: kuongea na mtoto mwenye jina lake kwa mdomo wake mwenyewe, na kujua kama watarudi.

Mimi wakati huo nilikuwa chuoni Nairobi, mwaka wa pili, nikisoma Kichina kwa sababu kozi niliyoitaka ilikuwa imejaa. Mama akaniagiza nimtafutie kitabu. Nilijiona mtu wa maana sana. Wikendi iliyofuata nilimletea vitatu, nikavipanga kibandani juu ya rundo la sweta na kuanza kumweleza faida za kila kimoja. Hakunisikiliza, alikuwa ameshaanza kuvuta migongo.

Cha kwanza kilikuwa kile tulichotumia chuoni. Ndani yake wanafunzi wanaulizana nani anaenda maktaba, na mpaka mwisho wa kitabu bado wanaenda maktaba. Mama alisema hao watoto hawana kazi za nyumbani. Cha pili kilikuwa cha watalii, kidogo cha kutia mfukoni. Nilimsomea ukurasa wa sokoni, ambapo mtalii anasema ni ghali, punguza, ni ghali bado, basi sitaki. Mama alikirudisha juu ya sweta kwa kidole kimoja, kama kitu kilicholowa. Alikuwa amesikia maneno hayo tangu asubuhi na hakuona sababu ya kuyajifunza kwa lugha nyingine. Cha tatu kilikuwa cha watoto, chenye picha za wanyama, na hicho alikipenda kwa karatasi yake nzito. Lakini aliuliza atamwambiaje rika lake kwamba huyu ni bata, na rika lake tayari anajua ni bata. Kisha kurasa mbili zikang'oka mkononi mwake. Vyote vitatu vikawa fagia.

Niliumia, siwezi kuficha. Nilikuwa nimepita maduka mengi mjini kuvitafuta.

Kitabu chenyewe tulikipata Kajiado siku ya soko. Mama alikuwa amesikia kwamba kambi moja ya wajenzi wa Kichina ilikuwa imefungwa baada ya kazi kwisha, na vyombo vyao vilikuwa vikiuzwa kando ya soko la mifugo. Yeye alifuata blanketi. Tuliwakuta wazee wa Kimaasai wakijaribu viti vya plastiki, wakikaa na kusimama kwa uangalifu uleule wa kukagua fahali, na mwanamke mmoja Msomali, mwenye duka, akihesabu sufuria kubwa za kupikia watu wengi. Chini ya magodoro kulikuwa na boksi la vitabu. Mama akapiga magoti na kutia mikono. Aliibuka na kitabu cha jalada gumu la kijani, akauvuta mgongo, akakigeuza, akapitisha kucha katikati ya kurasa. Uzi ulikuwa umepita wote, mweupe, wa kubana.

"Hii ndiyo kamera," akasema.

Nilikifungua. Kilikuwa kitabu cha kuwafundisha wahudumu wa hoteli namna ya kupokea wageni Wachina. Kichina kiliandikwa kwa herufi zetu, tafsiri chini yake, na kila sentensi ilikuwa ya mtu aliyesimama nyuma ya kaunta. Nilimwambia hakifai. Nilimweleza, kwa subira ya mtu aliyesoma mwaka mmoja na nusu, kwamba hakuna nyanya anayeongea na mjukuu hivyo.

"Hii ni ya hoteli, Mum."

"Na mimi nangojea nani, si wageni?" akasema, akakitia kwenye kikapu pamoja na blanketi.

Kuanzia hapo alisoma kila siku kibandani. Nikirudi wikendi nilimkuta amekiegemeza kitabu kwenye hanga, anasoma kwa sauti ileile ya kuitia wateja, na wauzaji wa jirani wanamwitikia. Soko lile la upepo na vumbi likajifunza kusema karibu, tafadhali keti, chai au kahawa. Hata leo kuna mama wa viatu ambaye nikipita ananiuliza kwa Kichina kama ningependa taulo nyingine. Nikikumbuka wikendi zile, nikiwa nimeketi juu ya robota la jeans namsahihisha na yeye hasahihishiki, natamani zirudi hata moja.

Tuligombana mara moja tu. Kwenye somo la mapokezi kulikuwa na sentensi ya kumuuliza mgeni atakaa siku ngapi. Mama aliisoma, akaangalia tafsiri. Kisha akatoa pini ya nguo kwenye aproni yake na kuubana ukurasa ule na uliofuata, zisifunguke tena. Nilimwambia anapoteza somo muhimu kuliko yote, kwamba hapo ndipo mtu anajifunza kuuliza idadi. Akasema mgeni haulizwi hivyo. Ukimuuliza mtu atakaa siku ngapi umemfukuza, na afadhali ungemnyima chakula. Hilo nililijua, nimelelewa nalo. Kwetu hata jamaa akikaa mpaka akamaliza unga wa mwezi, unamuuliza tu kama amelala vizuri. Lakini nilikuwa mwalimu, na mwalimu hapendi ukurasa uliofungwa kwa pini.

Walifika siku mbili kabla ya Krismasi. Mama alisimama getini na nguo yake ya kanisani, na mtoto aliposhuka garini akamwinamia na kumkaribisha kwa Kichina kama mgeni mheshimiwa, akamuuliza mizigo yake ni mingapi. Mke wa kaka yangu alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Mtoto hakucheka. Aliangalia nyuma, akarudi na mkoba wake mdogo wa mgongoni na kumkabidhi mama kwa mikono miwili. Mama akaubeba hadi chumbani, akafungua dirisha, akamwonyesha vilima.

Siku zilizofuata wawili wale walienda kila mahali pamoja. Mtoto aliletewa chai na kuulizwa kama iko moto ya kutosha. Aliombwa radhi kwa usumbufu. Alitakiwa usiku mwema na kujulishwa saa ya kifungua kinywa. Aliyazoea kabisa, na mwishowe akawa ndiye anayeita, akiketi kwenye stuli ya jikoni na kuagiza maji kwa sauti ya bosi, na mama anakimbia akicheka. Sijapata kumwona mama na furaha kama ile. Kaka yangu naye alikuwa akitembea kwenye ploti na simu sikioni, mara anapima ukuta kwa hatua, mara anazungumzia bei ya kontena. Hakusema neno kuhusu kurudi. Mama alimpikia, akamuuliza kama amelala vizuri.

Alasiri moja mama na mtoto walikuwa wameketi nyuma ya nyumba wakimenya minji. Mimi nilikuwa kwenye karai la vyombo, hatua chache kutoka kwao. Nikamsikia mama akisema kwa Kichina, taratibu, bila kukosea hata sauti moja:

"Utakaa siku ngapi?"

Nikaacha kusugua sufuria. Mtoto alijibu bila kuinua kichwa, mdomoni ana minji mbichi. Mama alijua maswali ya kitabu kile, majibu hakuyajua, kwa sababu mhudumu wa hoteli hafundishwi sehemu ya mgeni. Akanigeukia.

"Amesema nini?"

"Amesema mpaka baada ya mwaka mpya," nikamwambia. "Halafu wanarudi nyumbani."

"Amesema nyumbani?"

"Eeh. Nyumbani."

Mama alimenya ganda moja, na lingine. Nilitaka kumkumbatia lakini mikono yangu ilikuwa na povu. Kisha akamwinamia mtoto na kumwambia sentensi nyingine ya kitabu kile, ya mwisho katika somo la mapokezi, kwamba chumba chako kiko tayari. Mtoto akamshukuru kwa adabu, wakaendelea na minji.

Jioni hiyo nilimuuliza kwa nini alikuwa ametoa pini. Alikuwa akipanga sahani, hakuniangalia.

"Kwa Kikuyu siwezi uliza kijana yangu hiyo kitu. Hata kwa Kiswahili siwezi," akasema. "Lakini kwa hiyo lugha yao mimi ni mtu wa hoteli tu. Mtu wa hoteli anaruhusiwa."

Waliondoka baada ya mwaka mpya kama mtoto alivyosema. Kaka yangu hajarudi kukaa, na simlaumu, ana maisha yake kule. Mama aliendelea kufagia chumba kile kila Jumamosi hadi alipougua, na baada ya kumzika mimi ndiye niliyebaki na ploti, na kitabu cha kijani, na kazi hii ya kukagua vitabu. Watu wakiniuliza maoni yangu kuhusu kile cha Kajiado nasema ukweli: mpangilio mbaya, mazungumzo ya upande mmoja, sarufi hakuna. Uzi wake haujaachia hata leo. Nammiss sana mama, hasa nikishika kitabu cha gundi.

Mwezi uliopita yule mtoto, ambaye sasa ni msichana mrefu wa sekondari, alinitumia picha kwenye simu. Zilikuwa kurasa za kitabu cha kujifunza Kiswahili alichokiona dukani. Aliandika kwa Kichina, akaniita tata, shangazi, neno pekee la Kikuyu lililomkaa tangu ile Krismasi. Alitaka kujua kama kitabu kinafaa, kwa sababu anapanga kuja mwaka huu peke yake na hataki kuja bubu. Nilizikuza picha. Bwana mmoja alikuwa anatua uwanja wa ndege na sanduku, anataka kuona simba.

Nilimjibu kwamba hicho ni fagia, akiache, nitamtafutia kingine. Hakusema atakaa siku ngapi, nami sikuuliza. Nikamwandikia tu kwamba chumba chako kiko tayari.

Haikuwa kweli. Chumba kilikuwa kimejaa maboksi yangu ya vitabu, yamepandana mpaka yamelifunika dirisha. Nikavua viatu na kuanza kuyatoa nje.