Jeki Mbele ya Mlango wa Mama Mkwe

Ua wetu una mtelemko. Aliyemwaga saruji alikusudia maji ya kufulia yakimbilie mferejini, na yanakimbia kweli. Ni mtelemko mdogo, mgeni hauoni. Lakini siku ile mume wa jirani yetu Polepole alipoinua bajaji juu ya matofali ili abadilishe tairi la nyuma, bajaji iliuona. Alikuwa ameiacha kwenye gia, akiamini gia itaishika. Kumbe tairi moja la nyuma likishakuwa hewani, gia haishiki kitu: la juu linazunguka bure, la chini linakwenda linakotaka. Tofali likapasuka, chuma kikamshukia kwenye kifundo cha mguu. Tangu hapo anatembea na fimbo na kuuza soda kwenye kibanda cha getini.

Bajaji yenyewe ni ya mama yake, mwenye nyumba, ambaye sisi wapangaji tunamwita Bibi. Aliinunua kwa kiinua mgongo, baada ya kufua mashuka ya hospitali karibu maisha yake yote. Mwanawe aliporudishwa nyumbani na plasta, Bibi alisimama katikati ya ua akatangaza: "Jeki haiingii tena hapa. Atakayeiingiza atatoka nayo, na vyombo vyake."

Polepole ni mkamwana wake. Jina hilo alipewa na vijana wa kijiweni, wala si kwa sifa. Zamani alikuwa mfagiaji katika shule ya watoto wadogo. Mume alipoumia akajifunza kuendesha. Anakata kona kama mtu aliyebeba trei ya mayai, na anawasha taa ya kuashiria hata akiwa peke yake barabarani. Vijana walimcheka mpaka wakachoka. Kisha kina mama wenye watoto wachanga wakaanza kumsubiri yeye, wakiacha bajaji nyingine zipite tupu. Siku moja, akifuta kioo, aliniambia hajawahi kuwa na kazi ambayo watu wanamsubiri.

Jumapili zake alizipeleka gereji, kwa fundi mmoja mnene mpenda maneno, akimshikia spana na kumuuliza maswali hadi fundi anaomba apumzike ale. Ndipo wiki moja breki za nyuma zikaanza kukwaruza, chuma kwa chuma, na fundi alikuwa safarini msibani. Polepole akaiegesha bajaji. Bibi naye akampigia simu mnunuzi aje Jumamosi mchana.

"Imeshamla mwanangu mguu," alisema. "Sasa haitaki kusimama. Inangoja nini kingine?"

Polepole alikwenda kununua brekishuu mpya, vile vipande vinavyobana gurudumu, akaazima gereji jeki na stendi ya chuma. Jumamosi asubuhi tukamwona akizunguka uani na kikombe, anamwaga maji kidogo hapa, anachuchumaa, anatazama, anahamia pengine.

Fundi cherehani wa chumba cha pembeni alisimamisha mashine yake. "Shemeji, unamwagilia saruji? Usichoke, itaota tu."

"Ikiota nitakuletea mboga," alijibu bila kuinua macho.

Kila mahali maji yalikimbia. Sehemu moja tu yalikaa, yakatulia kama yamo kwenye sahani: mbele ya mlango wa Bibi, pale anapoweka kiti chake.

"Hapo usipaguse," mumewe alisema kutoka getini. "Nakusihi, mke wangu."

Polepole akaenda mlangoni. "Hodi, Mama."

"Karibu. Kama ni habari ya jeki, rudi na hodi yako."

"Ndiyo hiyo hiyo, Mama."

Bibi akatoka, khanga kiunoni, akatazama ile alama ya maji. "Uwanja wote huu, umeona mlangoni kwangu?"

"Ndipo palipo sawa. Kwingine kote kuna mtelemko. Na tena nataka uone kila kitu. Ukiona usichokipenda, sema shusha. Nitashusha, sitauliza kwa nini."

"Nikisema shusha mara kumi?"

"Nitashusha mara kumi. Mnunuzi akifika hatujamaliza, achukue bajaji yake."

Bibi akavuta kiti chake, akakirudisha hadi ukutani, akakaa.

Tukaisukuma bajaji. Polepole aliweka kabari za mbao mbele na nyuma ya tairi la mbele, na nyingine mbili kwenye tairi la nyuma la upande wa pili. Nati alizilegeza bajaji ikiwa bado chini. Jeki akaikalisha kwenye chuma kinene cha chasi karibu na tairi, akaanza kuzungusha taratibu. Bajaji ikainama kidogo, tairi likaachana na saruji upana wa kidole.

"Shusha!" Bibi alikuwa ameshasimama.

Fundi cherehani akaguna. "Aa, Bibi naye, ndo kwanza imenyanyuka..."

Polepole alishusha mpaka chini kabisa, akavuta jeki nje, ndipo akamgeukia mama mkwe na kungoja.

"Kabari ya mbele imeteleza," Bibi alisema. "Nimeiona kwa macho yangu."

Tukainama wote. Kweli, kabari ilikuwa imesogea, ikaacha mchirizi. Ilikuwa imekaa juu ya maji aliyoyamwaga Polepole mwenyewe kupima usawa. Alijishika kichwa. "Mama, mimi na akili zangu. Nimelowesha mwenyewe, nikasahau."

Nilidhani Bibi atasema basi, imekwisha. Badala yake aliingia ndani, akarudi na gunia kuukuu, akapiga magoti akakausha saruji, akiisugua kama shuka lenye doa la damu. Kisha akaisukumia kabari chini ya tairi na kuigonga kwa nyundo mpaka ikakaza.

"Yule wa matofali nilimwambia mara ngapi pamelala upande?" alisema, kama anaiambia saruji. "Akanijibu, Mama, wewe hujui vyombo hivi."

Getini mwanawe aliinamia chupa zake za soda.

"Haya. Inua."

Safari hii kabari hazikusogea. Polepole alisukumia stendi chini ya chasi, akaishusha bajaji mpaka uzito ukakaa juu yake, akaiacha jeki iguse tu. "Tikisa, Mama."

Bibi akaisukuma kwa mikono, kisha kwa nyonga. Bajaji ilitulia kama kabati. Ndipo Polepole akatoa tairi, akalilaza chini ya chasi ili, lolote likitokea, chuma kiliangukie lenyewe. Akaachia breki ya mkono, akavua dramu linalofunika brekishuu. Mikono tu ndiyo iliyoingia. Mwili ulibaki nje.

Mnunuzi alifika dramu likiwa chini. "Naona mnanitengenezea kabisa," alicheka.

"Hatuuzi," alisema Bibi.

"Mama, si tulikubaliana kwenye simu?"

"Tulikubaliana ile isiyosimama. Samahani kwa usumbufu, baba. Kunywa soda pale getini, mwambie mwanangu nitalipa mimi."

Polepole aliinama zaidi juu ya brekishuu, mabega yakimtikisika, tusijue anacheka au analia.

Tairi liliporudi na nati kukazwa, akafuta mikono. "La pili nitalifanya kesho, Mama. Umechoka kukaa juani."

"Kesho upande mmoja ushike, mwingine uteleze? Geuza bajaji."

Mumewe alikuja kutoka getini, fimbo mkono mmoja, akasimama mbali kidogo. Bibi akamwonyesha kabari zilizolala chini.

"Na wewe usisimame kama mgeni. Kagua kama pamekauka."

Akachuchumaa kwa shida, akapitisha kiganja juu ya saruji, taratibu, kutoka tairi hadi tairi.

"Pamekauka," alisema.

Polepole akashika jeki.